Tuko Pamoja?

Kama wanafunzi wa Soweto wangekubali kufundishwa hisabati kwa Kiafrikana, huenda Mazimbu ingebaki pori la mkonge hadi leo.

Kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Morogoro, Milima ya Uluguru ikiwa upande wa kusini, kuna eneo ambalo serikali ya Tanzania iliipa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, mwaka 1977. Lilikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa, na miongoni mwa waliohangaikia upatikanaji wake ni Anna Abdallah, mkuu wa mkoa wa Morogoro wa wakati huo. Waliotafutiwa makazi walikuwa vijana waliotoroka kwao baada ya maandamano ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Shule waliyojengewa, na ambayo wengi wao walishiriki kuijenga, ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Mwaka 1992, njia ya kurudi nyumbani ilipofunguka, ANC iliikabidhi kwa Tanzania majengo na vyote vilivyokuwamo. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, na moja ya kazi zake ni kuwaandaa walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari.

Walimu hao watafundisha kwa Kiingereza. Watoto watakaokaa mbele yao watakuwa, kwa sehemu kubwa, wametoka kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kwa hiyo mahali palipozaliwa na ugomvi wa lugha ya darasani ndipo leo panapotayarisha watu wa kuingia kwenye ugomvi mwingine wa aina hiyo, ila huu wa pili ni wa kimyakimya. Kwa anayetaka kujua kwa nini maneno mengine huwaingia watu na mengine huwapita pembeni, Mazimbu na milima inayoitazama ni mahali pazuri pa kuanzia.

Wengi hukumbuka risasi za Soweto na picha ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akiwa amebebwa mikononi. Yaliyotangulia risasi husahaulika. Mwaka 1974 watawala wa elimu ya Waafrika walitoa waraka kwamba katika shule za Transvaal Kusini, Kiafrikana na Kiingereza vigawane masomo nusu kwa nusu. Hisabati na maarifa ya jamii vikaangukia upande wa Kiafrikana. Walimu wengi wenyewe hawakukimudu kiasi cha kufundishia. Wazazi walilalamika, bodi za shule zikalalamika. Februari 1976 wajumbe wawili wa bodi ya shule za Kitswana za Meadowlands walifukuzwa kwa kupinga agizo hilo, na wenzao wakajiuzulu. Mwezi Mei wanafunzi wa Orlando West wakagoma kuingia darasani. Maandamano ya Juni yalikuja mwishoni kabisa, baada ya kila swali kukosa pa kupelekwa.

Vijana haohao walipofika Mazimbu walisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza hakikuwa lugha ya mama ya wengi wao. Kwao walizungumza Kizulu, Kixhosa, Kisotho, Kitswana. Kama tatizo la Soweto lingekuwa ugumu wa lugha peke yake, Mazimbu nako kungewaka moto. Tofauti haikuwa kwenye sarufi. Kiafrikana kilikuwa lugha ya polisi, ya hakimu na ya waraka usiojadiliwa. Kiingereza kiliwaunganisha wao kwa wao, kikawafungulia walimu waliotoka nchi mbalimbali na vitabu vya dunia nzima. Ugumu wa lugha ulikuwapo pande zote mbili. Walichokikosa upande mmoja na kukipata upande wa pili ni mtu wa kuwajibu.

Wanaofundisha ufundi wa kusema na kuandika hutumia muda mwingi kutazama mdomo na kalamu: sauti isikike, sentensi ziwe fupi, misamiati migumu iepukwe, mfano utolewe. Yote ni mema. Lakini ukifuatilia visa halisi, jambo moja linajitokeza juu ya hayo yote: je, anayeambiwa ana nafasi ya kurudisha neno, na neno lake linaweza kubadili chochote? Nafasi hiyo ikikosekana, hata Kiswahili sanifu kitaanguka chini. Ikiwepo, watu huvumilia hata maelezo mabovu, kwa sababu watauliza mpaka wapate wanachokitaka.

Ushahidi mzito wa jambo hili uko kusini mwa Mazimbu, kwenye Milima ya Uluguru.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kutekeleza Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Hofu ya maofisa haikuwa ya kubuni. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na udongo unaosombwa huishia kwenye mito ya Ruvu na Ngerengere ambayo watu na mashamba ya tambarare wanaitegemea. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi: kuukata mlima vipande bapa, kimoja juu ya kingine, kwa jembe la mkono na kwa nguvu za wenyeji. Pamoja na hayo, kuchoma majani shambani kulipigwa marufuku na kulima kwenye kingo za mito kukakatazwa. Asiyetii alipelekwa barazani, akatozwa faini.

Ni rahisi kudhani kwamba Waluguru hawakuelewa. Walielewa vizuri sana. Habari ya udongo kuteremka na mvua hakuna mgeni aliyehitaji kuwafundisha. Upande wa Mgeta walikuwa tayari na ngazi zao za asili: majani na magugu hupangwa kwa mistari inayokingama mteremko, kisha hufunikwa kwa udongo unaovutwa kutoka juu, yanaoza humo na kuwa mbolea, na maji ya mvua yanapunguza kasi. Ni kazi ya akili, na inaheshimu ukweli mmoja wa milima ile, kwamba udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu.

Matuta ya serikali hayakuheshimu ukweli huo. Ukichimba mteremko mkali hadi upate sakafu bapa, udongo wa chini usio na rutuba unakuja juu na ule mzuri unafukiwa. Mkulima aliyefanya kama alivyoambiwa aliona mavuno yanapungua kwa macho yake. Hapo hotuba ya bwana shamba ilikuwa inashindana na hindi lenyewe, na hindi huwa halina mpinzani.

Kulikuwa na jambo la pili, ambalo maofisa wangelipata kwa kuuliza tu. Ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, lukolo, unaofuata upande wa mama, na kiongozi wa ukoo ana kauli juu ya nani alime wapi. Wengi hulima kipande cha kuazima na kukilipia ngoto kwa wenye ardhi. Katika utaratibu wa namna hii, kazi yoyote ya kudumu inayofanywa juu ya ardhi inazua maswali. Aliyeazima akikata matuta ya kukaa miaka ishirini, matuta ni ya nani? Akihama, nani atamlipa jasho lake? Mwenye ardhi akiona ngazi zimejengwa, hatahofia kwamba aliyeazima anajimilikisha? Juu ya hayo ikaja hofu kubwa zaidi, kwamba ardhi inatengenezwa ili Wazungu waje kuichukua. Hofu hiyo leo inaweza kuonekana ya kupita kiasi, lakini mtu aliyeyaona mashamba ya mkonge yakinyooka hadi upeo wa macho pale chini alikuwa na sababu zake.

Maswali haya yalistahili kikao. Yalipata faini. Julai 1955, Matombo, upande wa mashariki wa milima, umati ulikusanyika kupinga, polisi wakaletwa, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mwaka haukuisha kabla serikali haijaachana na kulazimisha matuta. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilikuta wasikilizaji walioandaliwa na wengine. Roland Young na Henry Fosbrooke, walioandika kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, walikuwa na cha kuandika.

Sasa tazama kilichotokea Mgeta, upande wa pili wa milima hiyohiyo. Huko matuta bapa yalishika, na ukipita leo utayaona yamejaa kabichi na karoti. Si kwamba watu wa Mgeta walihutubiwa kwa ufasaha zaidi. Walikuwa wakilima mboga kwa kumwagilia na kuziuza Morogoro hadi Dar es Salaam. Maji ya mfereji yanahitaji sakafu bapa, na pesa ya kabichi ilirudisha gharama ya jembe na mbolea. Swali lao la kwanza, "nitapata nini?", lilijibiwa na gunia lililopakiwa kwenye lori. Baadaye, miaka ya 1980, watafiti wa SUA walipopeleka huko mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, mbuzi nao wakapata wafugaji: maziwa yananywewa nyumbani, samadi inakwenda kwenye mboga, na jirani anaweza kuchungulia bandani akajihakikishia mwenyewe bila kuhudhuria semina.

Na matuta yenyewe yalirudi mashariki, kwa sura nyingine. Kuanzia miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha huko Kibungo Juu mpango ambao mkulima anayehifadhi udongo analipwa, kwa hoja kwamba maji ya Mto Ruvu yakibaki safi wanaonufaika ni watumiaji wa Dar es Salaam. Shirika la maji la jiji na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza wakaingizwa kama walipaji. Mtu anaweza kuubishia mpango huo kwa mengi, hasa juu ya nini hutokea mradi ukiisha na wafadhili wakifunga virago. Lakini mazungumzo yake yalianzia pale yale ya 1950 yalipogoma kufika: nani analipia kazi hii, na nani anafaidi?

Msomaji wa mjini anaweza kusema kwamba huku ni kuzungumzia fedha, si lugha. Fedha imo. Ila fedha peke yake haielezi kisa cha mwaka 1973.

Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Hakuna aliyelipwa kwa kuchimba choo. Kwa wiki 12 watu walikusanyika katika vikundi vidogo nchi nzima kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania juu ya malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Vijitabu vilichapwa kwa herufi kubwa, kwa kuwa wasomaji wengi walikuwa ndiyo kwanza wametoka kwenye madarasa ya kisomo. Walioshiriki wanakadiriwa kufika watu milioni mbili, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu wengi kama leo. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, majani yakafyekwa kuzunguka nyumba, madimbwi yakafukiwa.

Kuchimba choo ni kazi ya jembe kama kuchimba tuta. Kwa nini watu waliochoka na mkoloni kwa ajili ya matuta wachimbe vyoo kwa hiari? Sehemu ya jibu, bila shaka, ni kwamba serikali ilikuwa yao. Sehemu nyingine iko kwenye mpangilio wa kampeni yenyewe. Redio ilipozimwa, kikao hakikuisha, ndipo kilipoanza. Kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, wanakikundi wakajadili kama waliyosikia yanafanana na ya kwao, kisha wakaamua wenyewe wafanye nini kabla ya wiki ijayo. Kijiji chenye mbu kuliko kichocho kiliweza kushika habari ya mbu. Anayeona dimbwi fulani haliwezi kufukiwa kwa sababu ng'ombe hunywea hapo alilisema hapohapo, mbele ya watu wanaolijua dimbwi lenyewe. Agizo la kitaifa lilishuka hadi kwenye mdomo wa jirani, na jirani anabishika.

Isije ikadhaniwa kwamba mambo yalikuwa asali tupu. Zilikuwa zama za chama kimoja, na mahali pengine kiongozi wa kikundi alijigeuza bwana mkubwa. Na serikali hiyohiyo, katika miaka hiyohiyo, iliwahamishia watu vijijini kwa operesheni, wengine kwa nguvu. Rais Nyerere alikuwa msemaji ambaye Afrika Mashariki haijapata wa kumfananisha naye. Alikaa na neno moja gumu akaligeuza mpaka mzee asiyejua kusoma akacheka na kulielewa. Hata hivyo, ufasaha wake haukutosha pale mwananchi alipokuta uamuzi umeshafanywa na lori liko mlangoni. Linganisha choo na operesheni ya vijiji: msemaji mmoja, lugha moja, wasikilizaji walewale.

Miaka ishirini baadaye redio ilipata njia nyingine ya kumpa msikilizaji nafasi ya kubisha. Mchezo wa Twende na Wakati ulioanza mwaka 1993 ulimweka hewani Mkwaju, dereva wa lori mwenye vimada kila kituo, na mkewe Tunu aliyechoka naye. Hakuna daktari aliyesimama kuhubiri habari za UKIMWI na uzazi wa mpango. Watu walimlaumu Mkwaju, wengine wakamtetea, na katika kubishana juu ya mtu wa hadithi walikuwa wakibishana juu yao wenyewe bila aibu. Watafiti waliacha kwa makusudi eneo la Dodoma lisipate matangazo hayo hadi mwaka 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia, na tofauti ikaonekana.

Turudi darasani.

Mtu yeyote aliyesoma sekondari Tanzania anaijua hii. Kidato cha kwanza, kipindi cha biolojia. Mwalimu ameandika ubaoni kwa Kiingereza, anasoma alichoandika, anaeleza kwa Kiingereza kidogo, kisha anageuka na chaki mkononi.

"Tuko pamoja?"

"Tuko pamojaaa!"

Darasa zima, kwa sauti moja, kwa mwendo wa wimbo. Aliyeko nyuma dirishani, ambaye amekuwa akinakili maneno herufi kwa herufi kama anayechora ramani, naye ameitikia. Mwalimu anafuta ubao. Wakati wa mapumziko, yule wa dirishani anamuuliza mwenzake chini ya mti yule ticha alikuwa anasema nini, na mwenzake anamweleza kwa Kiswahili, vibaya, kwa sababu naye aliambulia nusu. Somo halisi la siku ile limefanyika pale chini ya mti, na mwalimu hakuwapo.

"Tuko pamoja" ni swali lenye jibu moja tu linaloruhusiwa. Mwanafunzi hawezi kuuliza kwa Kiingereza asichokijua, na mara nyingi haruhusiwi kuuliza kwa Kiswahili. Kuna shule ambazo anayeongea Kiswahili anaadhibiwa. Kwa hiyo anayehitaji kuuliza zaidi ndiye asiye na lugha ya kuulizia. Mwalimu mzuri hulijua hilo, akifunga mlango anaeleza kwa Kiswahili na kuacha Kiingereza kwenye madesa na mtihani. Anafanya kitu cha busara kama anayefanya magendo.

Haya si mapya kwa serikali. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985. Pendekezo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta kiko chini mno kubeba masomo. Pamoja na waliyoyaona, wakashauri Kiingereza kiendelee. Mtu akipima kitanda akakiona kifupi, kisha akashauri mgonjwa akunje miguu, angalau ajue kwamba anayeumia ni mgonjwa.

Kuanzia mwaka 2002 wasomi wa Dar es Salaam, Afrika Kusini na Oslo waliunganisha nguvu katika mradi wa LOITASA, uliochunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini kwa pamoja. Kwa mtu wa Mazimbu huo ni ujirani wa kusisimua: nchi ya waliokimbia na nchi iliyowapokea zikakaa meza moja kuulizana swali la 1976. Upande wa Tanzania, watafiti kama Halima Mwinsheikhe walilinganisha vipindi vya sayansi vilivyofundishwa kwa Kiswahili na vilivyofundishwa kwa Kiingereza. Kwenye Kiswahili wanafunzi walishiriki zaidi, wakajibu na kuuliza kwa maneno yao, wakaeleza sababu na si majina tu. Upande wa Afrika Kusini, watoto wa Western Cape walijaribiwa kufundishwa hisabati na sayansi kwa Kixhosa kupita darasa ambalo kwa kawaida Kixhosa huachwa.

Hata hivyo, yeyote atakayesimama kwenye mkutano wa wazazi Morogoro na kutangaza kwamba kesho sekondari zote ni Kiswahili, ajiandae kuzomewa. Wazazi wanajinyima kupeleka watoto shule za Kiingereza tangu awali. Hapa kuna jambo ambalo watetezi wa Kiswahili huliruka kwa haraka mno. Uluguru ya 1955 ilikuwa na ujumbe ulioeleweka usiokubalika. Sekondari ya leo ina lugha iliyokubalika isiyoeleweka. Mzazi si mjinga. Ameona usaili wa kazi unafanywa kwa lugha gani, ameona mtoto wa nani amefika wapi. Kumwambia kwamba utafiti unasema vinginevyo, bila kumjibu swali la ajira, ni kumfanyia alivyofanyiwa Mluguru: hoja sahihi ya kitaalamu inayopita juu ya kichwa cha mtu mwenye swali lake. Anayetaka Kiswahili kishike sekondari aanze na usaili wa kazi, mitihani na vitabu vya ngazi ya juu. Mzazi atafuata bila kusukumwa, kama Mgeta walivyofuata kabichi.

Maandishi yana shida yake ya ziada, kwa kuwa karatasi haisikii. Mwandishi analazimika kumuulizia msomaji maswali na kuyajibu kabla hayajatoka. Chukua kipeperushi cha mbolea. Kinachosema "kilo 50 kwa hekta" hakina kosa lolote, na hakimsaidii mwenye robo eka kwenye mteremko asiye na mizani. Mabwana shamba wa siku hizi wanasema: kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Kizibo kila mtu anacho, na anaweza kujipima mwenyewe kama amezidisha. Ushauri ni uleule wa maabara. Umepewa kipimo ambacho mkulima anaweza kukihakiki.

Mahakamani nako maandishi yalisogezwa karibu na msomaji wake. Kwa miongo mingi kesi ilisikilizwa kwa Kiswahili, shahidi akaulizwa kwa Kiswahili, kisha hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma alipoandika hukumu kwa Kiswahili, Rais Magufuli alimteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, Februari 2021, na mwezi huohuo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mara nyingi mjadala wa mabadiliko hayo huishia kwenye fahari ya taifa. Faida yenyewe iko kwingine. Aliyeshinda kesi anaweza kufurahi hata bila kusoma hukumu. Aliyeshindwa ndiye anayehitaji kujua kwa nini, ili akate rufaa au akubali yaishe. Hukumu asiyoweza kuisoma inamnyima vyote viwili, na inamwachia wakili, au karani wa kando ya barabara, kazi ya kumweleza alivyohukumiwa.

Wapo watakaopinga kwamba si kila jambo lina muda wa majadiliano. Kipindupindu kikiingia, mto ukifurika, tangazo linatoka kwanza na maswali baadaye. Ni kweli, na hakuna mwenye akili atakayeitisha kikundi cha kusikiliza redio maji yakiwa kiunoni. Lakini tangazo la dharura hutegemea imani iliyowekwa akiba siku za kawaida. Ofisi ambayo haijawahi kujibu swali la mtu wakati wa amani isishangae ikitangaza wakati wa hatari na watu wakabaki wanatazamana.

Kwa Mazimbu, yapo mambo mawili yanayowezekana bila kusubiri sera mpya. SUA, yenye wataalamu wa ugani na inayoandaa walimu, inaweza kuwaweka walimu watarajiwa na maafisa ugani watarajiwa darasa moja angalau kwa kozi moja, kwa sababu kazi yao ni moja: kumfikishia mtu maarifa ambayo hakuyaomba kwa lugha ambayo huenda si yake, huku wakimwachia nafasi ya kuyapinga. Kisa cha Matombo kinastahili kuwa somo la kwanza la kozi hiyo, na safari yake ya mafunzo ni fupi.

La pili ni rahisi zaidi. Wahadhiri wanaokwenda kukagua mazoezi ya ufundishaji hubeba fomu yenye alama za maandalizi ya somo, matumizi ya ubao, sauti, mavazi na muda. Waongeze mstari mmoja: maswali mangapi yameulizwa na wanafunzi wenyewe, kwa lugha yoyote waliyoiweza. Kipindi kikiisha bila swali hata moja, mwalimu mtarajiwa arudie somo lile kesho yake, na mkaguzi arudi akae nyuma, karibu na dirisha.